Gauni nililoanza kumshonea kaka yake

Shikamoo mama mshauri,

Safu hii naisoma siku nyingi, hasa usiku ninaponyonyesha, na sikutegemea kwamba na mimi nitakuja kuandika. Nina miaka 35, ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Tanga na mume wangu. Yeye kwao ni Rombo. Tulifunga ndoa mwaka 2014. Julai mwaka huu Mungu ametujalia binti, na kwa desturi ya ukoo wa mume wangu binti wa kwanza huchukua jina la mama mzaa baba. Kwa hiyo mwanangu anaitwa jina la mama mkwe wangu. Tumepanga abatizwe huko huko Rombo tarehe 27 Desemba, ndugu wote wakiwa wamepanda nyumbani kwa Krismasi.

Shida yangu ni gauni la ubatizo. Najua wako wanaokuandikia wakiwa wamepigwa, wamefukuzwa na watoto, na mimi nakuja na habari ya gauni. Nivumilie.

Mwaka 2019 nilishika mimba baada ya kungoja miaka mitano. Nilikuwa na furaha hadi watu wakanicheka. Jirani na sisi anakaa bibi mmoja anayeshona kofia za viua, zile za mkono, ambazo moja humchukua miezi. Jioni nilikuwa nakwenda kukaa naye barazani, nikamwomba anifundishe. Alisema mikono ya mwalimu imezoea chaki, lakini alinifundisha: kitundu unakitoboa, unakizungushia uzi mpaka kikaze, unahamia cha pili. Ndipo likanijia wazo kwamba nimshonee mtoto gauni la ubatizo, lote kwa mkono, halafu wadogo zake walivae, na siku moja watoto wao. Kwetu hatuna kitu cha kurithishana. Baba yangu alituachia redio na madeni.

Mume wangu alikuwa na safari ya kikazi Dar, nikamtuma. Akapita Kariakoo akaniletea mita tatu za pamba nyeupe, laini hivi kwamba ukiingiza mkono chini yake unaona kucha zako. Mama yangu alifariki mwaka 2012, na nilikuwa nimetunza shela yake ya harusi ya mwaka 1982. Yenyewe imejaa madoa, ila lesi ya pindo ilikuwa nzima. Nikaikata. Kifuani niliweka mikunjo midogo midogo, kila mmoja kama upana wa punje ya mchele, na mishono ya ndani nikaikunja mara mbili ili uzi usije ukamkwaruza mtoto.

Nilikuwa nimemaliza kifua na mkono mmoja uchungu uliponishika, mimba ikiwa ya miezi saba. Alikuwa mtoto wa kiume. Aliishi siku tatu. Usiku wa pili nesi mmoja aliniuliza kama sisi ni Wakristo, nikamwambia ni Wakatoliki. Akachukua maji kwa kikombe akambatiza pale pale kwenye mashine ya joto, kwa jina la babu yake mzaa baba. Hakuwa amevaa kitu zaidi ya nepi. Walipomzika mimi nilikuwa bado wodini. Alikwenda mume wangu, rafiki zake wawili na katekista. Kaburi liko hapa hapa Tanga.

Mama mkwe alishuka kuja kuniuguza. Siku moja anatafuta kanga akakuta lile gauni kikapuni. Akasema, "Mtoto hashonewi nguo kabla hajazaliwa. Kwani mama yako hakukwambia?" Mama yangu alikuwa amekwisha kufa miaka saba. Sikujibu. Nikalifunga gauni kwenye kanga, nikalitia chini kabisa ya sanduku, na sikushika tena sindano.

Alipozaliwa binti huyu sikuthubutu kufanya lolote mpaka arobaini ilipopita. Ndipo nikalifungua. Lilikuwa zima, limeingia manjano kidogo tu penye mkunjo. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye mkono wa kushoto, pale pale nilipoishia mwaka 2019. Imeota kutu na imeacha doa. Nikachukua sindano nyingine nikaendelea. Nashona usiku wote wakilala. Viua vya pindo nimekwisha kufanya arobaini na kitu. Ule mkono wa kushoto nimeushona nikaufumua mara tatu, sijui kwa nini haukai.

Mwezi uliopita tulipiga simu Rombo kupanga mambo. Mama mkwe akasema amekwisha litoa gauni lake sandukuni, analipunga hewa. Hilo lilishonwa na sista mmoja wa parokia yao mwaka 1974 kwa ajili ya shemeji yangu mkubwa. Limevaliwa na watoto wake wote na wajukuu kumi na mmoja. Mama amezaa wanane, mimi nimeolewa nimewakuta sita. Nikajikaza nikasema, "Mama, huyu nimemshonea mwenyewe." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Lipi? Lile?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nguo ya marehemu haivaliwi na aliye hai, tena aliyebeba jina langu. Mimi najua ninachokisema." Simu akampa wifi, na wifi naye akaongeza kwamba kwanza hayo matundu ni ya kofia za msikitini, yanaingiaje altareni.

Mume wangu anasema hayo ni mambo ya wanawake, tuelewane wenyewe. Dada yangu anasema nilichome au nilizike, niache kujitesa. Jirani yangu wa kofia anasema nguo haina kosa. Katekista nilimuuliza, akasema Kanisa linataka vazi jeupe, mengine ni ya familia.

Nikikubali gauni la mama mkwe, naona kama ninakiri mbele ya ukoo mzima kwamba mwanangu nilimuua mimi kwa sindano. Nikimvalisha la kwangu, halafu mtoto akapata hata mafua njiani tukirudi, najua kitakachosemwa. Na nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Usiku mwingine nikiwa nashona, mimi mwenyewe naingiwa na hofu. Nasema, labda ni kweli.

Nifanyeje?

Mama wa binti, Tanga

*

Marahaba mwanangu.

Umeomba radhi kwa kuleta habari ya gauni. Mimi katika barua yako nimesoma habari ya mtoto aliyeishi siku tatu, ya mama ambaye hakumzika, na ya sindano iliyokaa gizani miaka sita ikiota kutu. Pole. Naandika pole hii nikijua imechelewa, na huenda mwaka 2019 hukuipata ya kutosha, maana mtoto wa siku tatu watu humzika upesi wakamwambia mama yake utapata mwingine.

Nitaanza na yale maneno yako ya mwisho kabisa, uliyoyaweka pembeni kama mtu anayeacha kitu mlangoni na kukimbia. Umesema, labda ni kweli. Mengi katika jibu hili nitakuachia uyapime mwenyewe, lakini hilo sikuachii. Mtoto wa miezi saba huja kabla mapafu yake hayajawa tayari kwa hewa ya duniani. Kuzaliwa kabla ya wakati na matatizo yanayofuatana nako ndiyo sababu inayoongoza kwa vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano duniani kote, na wengi wa watoto hao mama zao hawakushona hata kitufe. Sindano yako haikutoka nje ya kile kitambaa. Ukitaka kulisikia hilo kwa mtu mwenye koti jeupe, nenda ukamuulize daktari wa wanawake, tena hata kama hukuhisi haja, kwa sababu aliyewahi kuzaa njiti anapaswa kufuatiliwa mapema zaidi akishika mimba nyingine.

Ule mwiko wa kutomshonea mtoto kabla hajazaliwa naufahamu. Uko sehemu nyingi, si Rombo peke yake. Nikiutazama, mimi nauona kama huruma iliyovaa sura ya tishio. Wazee wetu waliishi wakati ambapo mama alirudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi mno, na hawakutaka akute kikapu cha nguo ndogo kinamngoja. Walichokuwa wanamkinga nacho ndicho hasa kilichokupata wewe siku ile kanga ilipotafutwa. Mwiko ulitaka kukuepusha na uchungu, ukaishia kukutwisha kesi. Unaweza usiukubali na bado ukaelewa ulikotoka.

Sasa nirudie nilichoelewa, unisahihishe kama nimekosea. Kuna magauni mawili na mtoto mmoja. Moja lina ukoo mzima nyuma yake. La pili lina lesi ya mama yako, kitambaa alichochagua mumeo, ufundi wa jirani yako, na kaka ambaye hakulivaa. Wewe unaona kuchagua moja ni kutoa hukumu juu ya kifo cha mwaka 2019, na unahisi kila mtu atakayesimama kanisani siku hiyo ataisoma hukumu hiyo kwenye pindo. Hapo ndipo nataka tukae kidogo. Je, ni kweli wote wataisoma? Shemeji zako watakuwa wanahesabu viti vya wageni na kuulizia mbege. Watu wenye macho ya kuona jambo hili ni wawili, labda watatu. Wewe mmoja wao. Mama mkwe wako mwingine.

Tumtazame huyo mama. Umeniandikia, pengine bila kukusudia, sentensi mbili zilizokaa karibu karibu: amezaa wanane, umewakuta sita, na gauni limevaliwa na watoto wake wote. Nimezisoma mara kadhaa. Wale wawili walikwenda lini? Walikuwa wakubwa au wachanga? Walibatizwa? Walivaa nini? Sijui, na naona hata wewe hujui, na miaka kumi na moja ya ndoa imepita. Mwanamke anayesema "mimi najua ninachokisema" kisha akakabidhi simu kwa binti yake, mara nyingine anakimbia sauti yake isimvunjikie. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Inawezekana ni mkali tu. Wakwe wakali wapo, tusidanganyane. Lakini kabla hujaweka neno lake kwenye fungu la kukulaumu, fikiria kwamba anaweza kuwa ni bibi wa miaka sabini na kitu anayeogopa, na safari hii anayemwogopea ana jina lake mwenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo najua litakujia kichwani ukifika hapa, kwa hiyo acha nilitangulie. Kama mmoja wa wale wawili alilivaa gauni la mwaka 1974, basi hilo nalo ni nguo ya marehemu, na wote kumi na mmoja wamelivaa wakakua. Ndiyo. Huenda. Ila nakuomba usilifanye fimbo. Ukimwambia hivyo kwenye simu, wifi akiwa pembeni, utashinda ubishi na utakuwa umemfukulia mama wa watu kaburi. Kama ni la kuulizwa, liulizwe mkiwa mmekaa wawili, mnamenya ndizi, na liwe ni swali la mtu anayetaka kujua habari za watoto hao.

(La wifi na matundu ya msikitini nalipita haraka. Kitundu kilichozungushiwa uzi hakina dini. Ufundi huo huo uko kwenye vitambaa vya altare vilivyodariziwa na masista, na wala sitashangaa lile gauni la mwaka 1974 likiwa na vitundu vyake. Mtazame pindo mtakapofika.)

Mumeo je? Umemwandika kwa mistari michache na umemwandika kama mtu asiyejali. Lakini mimi namwona mwanamume aliyesimama Kariakoo kwenye msongamano, akishika vitambaa kimoja kimoja mpaka akapata kinachoonyesha kucha. Namwona akienda makaburini na rafiki zake wawili, mkewe yuko wodini. Amembeba yeye mtoto yule. "Mambo ya wanawake" inaweza kuwa uvivu, na inaweza kuwa mlango alioufunga mwaka 2019 kwa sababu hakujua pa kuweka alichokiona siku ile. Unashona usiku wote wakilala. Je, yeye amewahi kuliona gauni tangu ulifungue? Sisemi umwonyeshe ili akutetee kwa mama yake. Nasema kitambaa kile alikinunua yeye, na huenda naye angependa kukishika.

Nije kwenye mkono wa kushoto. Mtu anayeweza kukunja mikunjo ya upana wa punje ya mchele na kutoa viua arobaini hashindwi kupachika mkono. Fundi akifumua mshono ule ule mara tatu, ama amekata vibaya ama hataki kumaliza. Kukata sidhani, wa kulia umekaa. Mkono huo ndio ulikuwa na sindano. Ukiushona ukakaa, gauni limekwisha, na kazi uliyoianza kwa ajili ya mwanao wa kwanza itakuwa imefungwa na mtoto mwingine ndani yake. Kwa hiyo nakuuliza, na usinijibu mimi: gauni hili sasa unamshonea nani? Ukisema binti, sawa. Ukisema kaka yake, hilo nalo si kosa, ila litabadilisha unachotaka litokee tarehe 27. Ukisema wote wawili, hilo ndilo ninaloliona mimi, na mtoto wa miezi mitano ni mdogo kubeba watu wawili kanisani.

Kuhusu kaka yake, kuna jambo pengine hukuambiwa. Ubatizo wa dharura alioufanya yule nesi kwa kikombe ni ubatizo kamili. Penye hatari ya kifo mtu yeyote mwenye nia ya Kanisa anaweza kubatiza, na maji na maneno yakiwa sahihi hakuna kilichopungua, hata vazi. Lakini ubatizo huo hutakiwa kupelekwa parokiani uandikwe. Je, jina lake liko kwenye daftari? Kama haliko, mnapokwenda kwa paroko kuchukua barua ya kwenda kumbatizia binti Rombo, mwelezeni. Huweza kutosha shahidi mmoja wa kuaminika aliyekuwapo, na wewe ulikuwapo. Sijui kama kuliona jina hilo kwa wino kutakufanyia nini. Najua wanawake waliofanyiwa kitu nalo. Na kaburi liko mwendo wa daladala. Hukuniambia kama umewahi kwenda.

Haya, njia zilizo mbele yako. Ya kwanza ni kumaliza lako na binti alivae. Kwa Kanisa haina tatizo, katekista amekwisha kukuambia. Ugumu wake umeuona mwenyewe: watoto huugua, hasa wakitoka kwenye joto la Tanga kwenda mlimani na kurudi, na homa ya kwanza itapewa jina. Pima kama wewe, si wao, utaweza kuibeba homa hiyo usiku wa manane bila kurudi kwenye ile "labda". Kama hofu bado iko mkononi mwako unaposhona, itakuwapo pia unapomvalisha.

Ya pili ni gauni la Rombo. Ina faida ambayo kwa uchungu ulio nao huenda usiione: binti yako atapigwa picha na nguo iliyovaliwa na baba yake. Naye ni wa ukoo ule. Ila ukilikubali kwa kumeza, halimezeki. Litakukaa kooni, na miaka kumi baadaye litatoka kwenye ugomvi wa kitu kingine kabisa, wa shamba au wa ada. Ukiamua hivyo, iwe baada ya kumwambia mama mkwe yale yaliyokuumiza siku ya kanga, hata kwa sentensi mbili: "Mama, siku ile uliposema vile, nilisikia kwamba nimemuua mwanangu. Nimekaa nayo miaka sita." Anaweza kusema hakukusudia. Anaweza pia kukaa kimya, na itabidi uwe tayari kwa kimya hicho.

Wengine wangekushauri utumie yote mawili, na ibada yenyewe ina nafasi hiyo. Mtoto huja kanisani na nguo zake. Vazi jeupe lenyewe hutajwa na kutolewa baada ya maji na mafuta ya krisma, kisha mshumaa. Parokia nyingi siku hizi mtoto huja tayari amevishwa gauni, na padri humwekea kitambaa cheupe tu au husema maneno yake. Kwa hiyo inawezekana aingie na moja na kupokea lingine, paroko akikubali, kwa sababu Desemba watoto hupangwa foleni na hana muda wa mtu kufungua vifungo. Napenda wazo hilo, na naliogopa pia. Likipangwa kwa mapatano ni zuri. Likipangwa kimya kimya litaonekana ni magauni mawili yanagombana mbele ya altare, na watakaoulizana lipi ndilo lenyewe hawatakosekana.

Kuna njia ndogo zaidi ambazo wanawake huzipita kwa sababu hazina kelele. Lesi ya mama yako inaweza kukaa kwenye kikofia, au kwenye kitambaa cha kushikia mshumaa. Pamba ile laini inaweza kuwa shimizi ya ndani chini ya gauni la bibi, ikagusa ngozi ya mtoto bila kutangazwa. Au gauni likamilike, lioshwe, litunzwe, lisivaliwe na huyu, likangoja. Nguo ya urithi si lazima ianze siku uliyoipanga. Ukoo wa kifalme wa Uingereza walikuwa na gauni lililoshonwa mwaka 1841 kwa binti mkubwa wa Malkia Victoria. Lilivaliwa na watoto kizazi baada ya kizazi mpaka mwaka 2004, likachoka, wakashona la kufanana nalo, lililoanza kutumika mwaka 2008. La mama mkwe limevaliwa tangu 1974 na halitaishi milele. Siku litakapochanika kwapani, katika ukoo ule ni nani anayejua kushona kwa mkono? Nakuona wewe.

Dada yako amesema uchome au uzike. Amechoka kukuona unaumia, ndivyo ninavyomsikia. Wako wanaofanya hivyo na wakapumua. Ila moto haurudishi lesi ya mwaka 1982, kwa hiyo kama utafikiria hilo, toa lesi kwanza, na lisifanyike usiku wala kwa hasira.

Lile doa la kutu: kamulia ndimu, nyunyizia chumvi, anika juani, suuza vizuri. Jaribu kwanza pembeni. Na likikamilika usilitie wanga kabla ya kuliweka, wanga huita mende na wadudu wengine. Wala usilifunge kwenye nailoni, kwa joto na unyevu wa Tanga litaota ukungu. Kanga yako ya zamani, iliyofuliwa mara nyingi, inatosha sana.

Mwisho, jambo la kifundi ambalo naona nyote wawili mmelisahau kwa kubishania marehemu na walio hai. Gauni lako ulilikata mwaka 2019 kwa mtoto mchanga. Kichanga aliyetimiza miezi yake ana kifua cha kama inchi 13. Wa miezi mitano anakwenda 16 au 17. Lako litabana, na pengine ndiyo sababu nyingine ya ule mkono kutokaa. La bibi nalo, kama mtoto wa 1974 alibatizwa akiwa na wiki chache, litabana vile vile, isipokuwa kama yule sista aliacha akiba kwenye mishono ya ubavuni. Litahitaji mtu wa kulifungua na kulipanua bila kulichana. Kwa hiyo leo au kesho, mtoto akiwa ameshiba, chukua futi ya fundi umpime kifua, kisha umpigie bibi yake, yeye mwenyewe, si wifi, umwambie mjukuu wake amefika inchi ngapi, na umuulize lile gauni lina ngapi.